Kijitabu cha nomino za Kiingereza: kinunue, lakini shika kalamu mkononi

Katika maduka ya vitabu ya katikati ya Kisumu, na kwa wachuuzi wanaotandaza vitabu karibu na soko la Kibuye, kuna kijitabu chembamba cha nomino za Kiingereza kinachouzwa shilingi 200. Kina kurasa 48, kimefungwa kwa waya wa plastiki, na jalada halina jina la mwandishi wala la mchapishaji. Kimekusudiwa wanafunzi wa Gredi ya 7 hadi Kidato cha Nne. Kwa mtoto anayejiandaa kwa KCSE kina thamani, mradi mtu mzima akipitie kwanza.

Karatasi ya pili ya Kiingereza katika KCSE ina alama 15 za sarufi. Swali linalorudi mara kwa mara humpa mwanafunzi neno kwenye mabano na kumtaka aligeuze umbo lifae sentensi. Akipewa "generous" aandike "generosity". Akipewa "pronounce" aandike "pronunciation", na akiacha "nou" ya kitenzi ndani ya nomino, amekosa.

Ubora wa kijitabu uko kwenye majedwali. Vitabu vingi hupanga maneno kwa viambishi tamati: ukurasa wa "-ment", ukurasa wa "-tion", ukurasa wa "-ness". Hiki kimepanga kwa koo. Mstari mmoja una "employ, employer, employee, employment", unaofuata una "apply, applicant, application". Mpangilio huu ndio sahihi, na anayezungumza Kiswahili ndiye anayeuhitaji zaidi. Sisi tuna u- moja inayotufanyia kazi kubwa: uhuru, utoto, urafiki, ugonjwa. Kiingereza kinataka "freedom", "childhood", "friendship", "illness". Hakuna kanuni itakayomwambia mtoto kwa nini rafiki achukue "-ship" na mtoto achukue "-hood". Neno hujifunzwa na mkia wake, kama vile mgeni wa Kiswahili anavyolazimika kushika kwamba soma huzaa msomaji lakini pika huzaa mpishi.

Na hapo kwa mpishi ndipo kijitabu kinapofanya kazi nzuri kabisa. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba "-er" ni mtendaji huandika "my mother is a good cooker", yaani mama ni jiko zuri. Mtu ni "cook". "Cooker" ni kifaa. Kijitabu kinatenga safu nzima ya "-er" za vifaa, "opener", "printer", "cooker", kisha kinaeleza kwamba vitenzi vingi vinavyoishia "-ate" na "-ct" huchukua "-or": "translator", "generator", "inspector", na yule konda wa matatu, "conductor". Konsonanti hurudiwa mkazo ukiwa kwenye silabi ya mwisho, "begin, beginner", lakini si "listen, listener". Maelezo ya "-ee" nayo yanaingia akilini mara moja kwa sababu yanaifananisha na -wa yetu: mwajiri na mwajiriwa, "employer" na "employee". Kilichosahaulika ni kuonya kwamba "absentee" na "escapee" hazifuati mkondo huo, aliyetoroka hakutoroshwa.

Sasa udhaifu. Ukurasa wa 14 unasema "-ness" hubandikwa kwenye kivumishi chochote. Hapo ndipo zinapozaliwa "strongness", "longness" na "poorness" tunazozikuta kwenye insha. Vivumishi vya vipimo vina njia yao, na irabu hubadilika humo ndani: "long, length", "strong, strength", "wide, width", "deep, depth". "High" hutoa "height", bila "h" ya mwisho. "Poor" hutoa "poverty". Vinavyoishia "-able" huenda "-ability", na vingi vya "-ate" huenda "-acy": "accurate, accuracy", "private, privacy". Vya "-ous" vimegawanyika, "curious, curiosity" lakini "nervous, nervousness", kwa hiyo hivyo ni vya kukariri tu.

Tahajia imepewa nusu ukurasa, na ndiko alama nyingi zinakopotelea. Mambo ambayo mwalimu atalazimika kuongeza ni haya. "Y" iliyotanguliwa na konsonanti hugeuka "i": "lazy, laziness". "E" ya mwisho hubaki mbele ya konsonanti, "manage, management", na huanguka mbele ya irabu, "arrive, arrival". "Argue" inavunja kanuni na kutoa "argument". "Develop" haina "e" ya kubakiza, kwa hiyo "developement" ni kosa. Vitenzi vya "-mit" hutoa "-mission", na "decide" na "extend" huchukua "-sion", ilhali "attend" na "intend" huchukua "-tion". Kisha kuna kundi gumu: "explain, explanation", "maintain, maintenance", "repeat, repetition", "pronounce, pronunciation". Asili yake ni Kilatini kupitia Kifaransa, na nomino imebaki karibu na umbo la Kilatini kuliko kitenzi chake. Mwanafunzi asome jozi hizi kwa sauti. Mkazo unahama na irabu inahama nao, na sikio huanza kulisaidia jicho.

Sehemu ya nomino zisizohesabika ina orodha nzuri: "furniture", "luggage", "equipment", "advice", "information". Haielezi tu kwa nini zinatuponyoka. Sisi tunasema vifaa na mizigo, wingi ulio wazi, ndiyo maana "equipments" na "luggages" hujaa kwenye barua za maombi ya kazi. Dawa yake ni "a piece of" au "two pieces of" kabla ya nomino. Mtego wa pili haumo kabisa kijitabuni: duka la viatu kwa Kiingereza ni "shoe shop", si "shoes shop", kwa sababu nomino inayoeleza nomino nyingine kwa kawaida hubaki katika umoja. Ni vivyo hivyo kwa "a two-week holiday". Tembea mjini ukisoma mabango na utaona uzito wa jambo hili.

Majibu yapo nyuma, lakini ni herufi tupu bila maelezo. Mwanafunzi aliyekosa hatajua kosa lake liko wapi, na kwa anayejisomea nyumbani hiyo ni kasoro kubwa. Karatasi ni nyepesi pia; wino wa kalamu hupenya hadi upande wa pili, basi mazoezi yafanywe kwenye daftari.

Kwa wanaolinganisha, pesa hizo zikiwekwa pamoja na nyingine zinaweza kununua kamusi ya wanafunzi iliyotumika, na kamusi itamfaa mtoto kwa miaka mingi zaidi. Lakini kamusi haimpi mazoezi, na mazoezi ya hapa ni zaidi ya 300, mengi yamepangwa kutoka rahisi hadi gumu.

Kabla ya kumkabidhi mtoto, rekebisha sehemu tatu. Ukurasa wa 14, futa neno "chochote" kwenye kanuni ya "-ness". Ukurasa wa 22 unadai kila neno linaloishia "-al" ni nomino. "Arrival" na "refusal" ni nomino, "national" ni kivumishi. Na ukurasa wa 29 umechapwa kwa tahajia ya Kimarekani: kwa Kiingereza cha Uingereza tunachokifuata shuleni, nomino ni "practice" na "licence" kwa "c", vitenzi ni "practise" na "license" kwa "s".