Vyombo vya kahawa vya mtandaoni: kipi kinafaa jikoni kwetu na kipi pesa inakwenda bure

Assalaam aleykum jamani. Naandika hii kwa ajili ya watu wa Unguja na Pemba wanaopenda kupika kahawa nyumbani, maana matangazo ya vyombo vya kahawa sasa hivi yamejaa Insta na kwenye magrupu ya wasap, na ikikaribia Ramadhani ndo usiseme, kila mtu anauza seti. Mie nimenunua vingi, vingine vya shoga zangu nimevitumia kwao, na ntasema ukweli wangu kwa kila kimoja. Majina ya maduka sitaji.

Kwanza tukubaliane kahawa tunayoizungumza ni ipi. Kahawa yetu buni inakaangwa mpaka iive khasa, inatwangwa au inasagwa laini, inatiwa kwenye maji pamoja na tangawizi kavu na iliki, wengine mdalasini, wengine karafuu moja mbili, halafu inachemka kwa moto mdogo taratibu, kisha unaiacha itulie machicha yashuke chini ndo unamimina. Hiyo ndo kahawa ya barazani, ndo ya Jaws Corner, ile baraza ya kahawa ya Mji Mkongwe, ndo ya kunywa na kashata au halua. Kwa hivo chombo chochote kisichoweza kuchemsha polepole, au kisichosafishika ndani, kwangu mie hakifai hata kiwe kizuri namna gani kwenye picha.

Sasa nianze na lililoniuma zaidi, dele, yaani birika la kahawa, la umeme. Mmeliona bila shaka, la rangi ya dhahabu, mdomo mrefu, linakaa juu ya kitako chake cha umeme, linatoka Dubai. Nililipia zaidi ya elfu sitini pamoja na kuletewa. Sura nzuri kweli, ukiliweka kwenye sinia na vikombe mgeni anasifu. Lakini lile ni birika la umeme la kawaida tu lililovalishwa sura ya dele, lina moto mmoja tu, mkali, na likishachemka linajizima lenyewe. Kahawa haitaki hivo. Unga wa kahawa ukipata moto mkali unaumuka, povu linapanda ghafla, na kwa kuwa shingo ya dele nyembamba povu halina pa kwenda ila kutokea mdomoni na kifunikoni, likamwagikia kitako, na kitako ndo kwenye umeme. Ukiwahi kulinyanyua, tangawizi bado haijatoa kitu, iliki bado, umepata maji ya moto yenye rangi ya kahawa. Ukilirudisha linaumuka tena. Nilijaribu kupunguza maji, nilijaribu kutia kahawa baada ya maji kuchemka, hiyo ya pili povu linapungua lakini viungo haviivi.

Halafu kusafisha. Mkono hauingii. Machicha yanaganda chini kwenye kile kisahani cha moto, na maji yetu mnayajua, kisiwa chetu kimekaa juu ya mawe ya matumbawe, maji ya visima yana chokaa nyingi, kwa hivo juu ya machicha unapata na ukoko mweupe. Chokaa yenyewe si tatizo, kamua ndimu kwenye maji, chemsha, acha ikae, inayeyuka. Lakini machicha yaliyogandia chini ya chokaa hayatoki kwa ndimu, na kuliloweka dele zima kwenye maji huwezi kwa sababu ya umeme. Ile rangi ya dhahabu nayo ikaanza kubanduka mdomoni, pale pale kahawa inapopita, na hapo mie nikaacha kulitumia kabisa maana sijui ni rangi gani ile watu wanakunywa. Nilipomuandikia muuzaji akanijibu "samahani ukhty, kitu kikishatumika hakirudi". Sasa bila kukitumia ntajuaje kama hakifai? Kama unalo tayari litumie kuchemshia maji matupu, kwa hilo ni zima.

Kuna na dele jengine, la shaba, lile la madukani Mji Mkongwe kwenye vitu vya watalii. Hili nalo watu wanalinunua wakidhani wamepata la zamani. Angalieni ndani kabla hamjalipa! Dele la kupikia ndani limetiwa bati, unaona weupe wake, kwa sababu kahawa ina asidi na shaba tupu haifai kukaa na kitu chenye asidi. La mapambo ndani ni njano ile ile ya nje, na mdomo mara nyingi umegandishwa kwa lehemu laini, ukilisahau jikoni likakauka maji mdomo unaachia. Liwekeni kabatini lipendeze, msilipikie.

Mashine za kahawa za mitumba za Japani sasa. Mwanakwerekwe na kwengineko zinauzwa bei poa, safi, zinang'aa, na Wajapani hawana mchezo kwa kutengeneza vitu, hilo kweli. Lakini pindua chini usome kibandiko. Imeandikwa 100V. Umeme wetu ni 230V. Kitu cha kupasha moto kama hicho ukikichomeka moja kwa moja joto halizidi mara mbili kama wengi wanavodhani, linazidi zaidi ya mara tano, kwa hivo ni sekunde tu harufu inatoka na imekwisha. Muuzaji atakwambia nunua transfoma. Sawa, lakini mashine ya wati 650 inataka transfoma kubwa zaidi ya hapo isipate moto, na hiyo bei yake inapita bei ya mashine yenyewe, na uzito wake jiwe. Ami yangu mmoja alikuwa na hamu nayo sana, nikamkataza, nikamwambia ami hata ikiwaka haitakupa kahawa unayoitaka, kwa sababu zile mashine maji yanapita kwenye unga mara moja tu yanadondoka chini basi. Tangawizi haiwezi kutoa ladha kwa kupitiwa na maji, yataka ichemke.

Na hizi mashine ndogo za espreso (ile kahawa nzito ya Kitaliano) za bei rahisi ni hivo hivo, boksi limeandikwa espreso lakini ndani hamna pampu, zinasukuma maji kwa mvuke tu. Espreso ya kweli inataka presha ya baa 9 hivi, hizi hazifiki hata nusu. Kahawa inatoka nyepesi na imeungua. Kile kijiti cha betri cha kupigia povu la maziwa sina la kusema, kimekaa muda mfupi kikashika kutu, hewa ya bahari imekimaliza.

Kabla sijaendelea niseme kitu kuhusu umeme kwa ujumla, kwa sababu vijana wananunua kila kitu cha kuchomeka. Sisi Unguja umeme wetu unakuja kwa waya uliopita chini ya bahari, kutoka Ras Kiromoni upande wa bara mpaka Fumba. Watu wazima wanakumbuka Mei 2008 mpaka Juni, mwezi mzima kiza, na halafu tena Disemba 2009 mpaka Machi 2010, miezi mitatu! Wakati ule kahawa haikukosekana hata siku moja barazani kwa sababu ilikuwa juu ya makaa. Tangu hapo mie naona chombo cha kahawa kinachofaa nyumba yetu ni kile kinachokubali gesi na makaa, umeme uwe wa hiari.

Kwa hivo moka. Ile ya Kitaliano ya aluminiamu yenye pembe nane, muundo wa Bialetti wa mwaka 1933, inakaa juu ya gesi, maji chini unga katikati kahawa inapanda juu. Hii siipondi yote. Kahawa yake nzito, nzuri kwa anaependa kahawa ya maziwa asubuhi. Lakini nyingi zinazouzwa kwetu ni za kuiga, na zinafelia kwenye mpira na kwenye valvu. Mpira ukikauka mvuke unatoka ubavuni, na wa kubadilisha huupati, nimeuliza Darajani nzima nikaambiwa subiri mpaka mtu aende Dar. Valvu ndo usalama wenu, maji yasiipite juu, na msitie tangawizi ya unga kwenye kile kichungi, unga laini unaziba, maji hayapandi, presha inatafuta njia nyengine. Halafu moka ndogo haikai kwenye meno ya majiko yetu ya gesi, inapinduka, lazima uweke kibati chini yake. Nikiipa alama, tano kwa kumi, ya kweli labda saba.

Frenchi presi, ile ya glasi ya kubonyeza, nilitaka kuipenda na nusu nimeipenda. Gramu 60 za kahawa kwa lita ya maji, isagwe nzitonzito kama chenga za mchele, dakika nne, unabonyeza, na iliki iliyopondwa unaweza kuitia ndani ikakubali. Wageni waliokuja kwetu siku ya Idi waliisifu. Lakini ukitia unga wetu laini wa barazani ule wavu hauzuii kitu, unakunywa tope. Na glasi ikivunjika, na itavunjika kwa nyumba yenye watoto, glasi tupu haiuzwi, unanunua nzima upya. Chukueni ya chuma cha pua, bei imezidi kidogo lakini inakaa.

Sasa kitu ambacho kila mtu anakidharau na ndo chenye thamani yote, cha kusagia. Hapa ndo mie nawaomba mnisikilize. Zile mashine za umeme za visu, za kubonyeza kwa kidole, hazisagi, zinakatakata. Ndani yake unapata vumbi na vipande vikubwa pamoja, vumbi linatoa uchungu, vipande havijaiva, na kahawa moja hiyo hiyo inakuwa chungu na chachu kwa pamoja. Na mota zake hazistahamili, ukiiacha izunguke zaidi ya dakika inapata moto, na watu wanatia humo humo tangawizi kavu ngumu kama kijiti, kisu kinalegea, basi. Yangu iliishia hapo, na tangawizi yenyewe haikusagika.

Nunueni ya mkono yenye meno, ile ya kuzungusha. Zipo za shaba za Kituruki, ndefu nyembamba, zinasaga laini khasa inavotakiwa kwa kahawa ya kuchemsha, na hazitaki umeme wala mpira wala kitu. Za bei rahisi za plastiki ziepukeni, mhimili unachezacheza, unga unatoka mkubwa mdogo kama ule ule wa visu. Kama hamna uwezo, kinu na mchi vya jikoni, twanga, chekecha, kilichobaki rudisha kinuni. Yani walahi kinu kinashinda mashine ya visu kwa mbali, nimezijaribu kahawa mbili kwa buni moja, arabika ya Kilimanjaro, mama akaonja bila kuambiwa ipi ni ipi, akakiweka kando kikombe cha mashine akamaliza cha kinu. Buni nunueni zilizokaangwa karibuni, au mkaange wenyewe. Robusta ya Kagera ndo kali, ina kafeini takriban mara mbili ya arabika, kwa hivo baada ya tarawehe angalieni mnampa nani.

Mie hivi sasa napikia sufuria ndogo nzito, gesi chini kabisa, kahawa ikitulia naimimina kwenye chupa ya chai ya chuma. Nina dele la bibi la shaba, la kupikia kweli, lakini bati la ndani limeisha na silitumii mpaka litiwe upya. Anaemjua fundi wa kutia bati madele, mjini au hata Chake Chake, aniandikie hapa na bei yake, na kama kaziye ameiona mwenyewe aseme.