Kibanda cha video cha Majengo: jioni mbili na Valentino Rossi

Mimi ni motari, dereva wa pikipiki ya abiria, mwaka wa tisa sasa kwenye mawe ya Goma. Jumamosi na Jumapili iliyopita niliegesha pikipiki yangu ya TVS mapema, nikalipa faranga 1000 kila jioni katika kibanda kimoja cha video huku Majengo, nimtazame Valentino Rossi, yule bingwa wa mbio za pikipiki kutoka Italia. Pesa yangu haikupotea.

Msimulizi ni mzee mmoja mwenye sauti ya mhubiri. Anafasiri papo hapo kutoka Kifaransa, na pikipiki anaijua. Mbio za Welkom, Afrika Kusini, Aprili 2004, alizisimulia hadi tukasimama juu ya benchi. Alianza mbali: Rossi ametwaa ubingwa mara tatu mfululizo na Honda, halafu anahamia Yamaha, ambayo mwaka 2003 haikushinda mbio hata moja. Na anahama na fundi wake, Jeremy Burgess. Kijana nyuma yangu akapaza sauti, "Fundi ndiye pikipiki yenyewe!" Kweli kabisa. Mimi nimebadilisha pikipiki tatu, fundi ni yule yule.

Rossi akamshinda mpinzani wake Max Biaggi kwa sekunde 0.21 tu. Akasimama kando ya njia, akaketi chini karibu na ile Yamaha, akaibusu. Mzee hakufasiri kitu. Alinyamaza, na kibanda kizima kikanyamaza naye. Kwa dakika hiyo moja ningelipa mara mbili.

Jioni ya pili ilikwenda haraka: ubingwa wa 2005, 2008 na 2009, mguu uliovunjika Mugello, Italia, mwaka 2010. Kisha tukarushwa hadi Valencia, Hispania, Novemba 2021, siku ya kuaga, mataji tisa ya dunia mkononi. Hapo sikuridhika. Mwaka 2011 na 2012 Rossi aliendesha Ducati, na hakushinda hata mbio moja. Sisi tunaoteleza juu ya lava kila mvua ikinyesha, hiyo ndiyo miaka tuliyotaka kuiona: bingwa anahangaika na chombo kisichomtii, na Jumapili inayofuata anapanda tena.

Nilimwendea nikamwambia, "Mzee, mbona umeruka pale penye shida?" Akafikiri kidogo, akasema video hizo anazo, atazionyesha Jumamosi ijayo. Ukija, fika kabla ya saa kumi na mbili: televisheni ni ndogo, na wa benchi za nyuma hawaoni kitu.