Buti za mtumba au ubao wa kujaza upepo: mkazi wa Moshi aanze na nini?

Tutoe jibu kwanza: ukiwa unaishi Moshi na una Jumapili tu ya kupumzika, anza na kutembea mlimani, Kilimanjaro. Kupiga kasia ukiwa umesimama juu ya ubao ni mchezo mzuri, unakaza tumbo na mgongo bila kuumiza magoti, lakini Moshi mjini hakuna ziwa. Chala liko mpakani na Kenya, na kutoka ukingo wa kreta hadi kwenye maji unashuka mteremko mkali kwa miguu, mzigo mgongoni. Duluti liko Tengeru, yaani karibu uingie Arusha. Bwawa la Nyumba ya Mungu lina mamba, hapo hakuna mjadala. Mlima wenyewe unaufikia kwa daladala.

Kwenye mlima fedha nyingi huishia kwenye viatu, na hapa tuna bahati ya soko la Memorial na buti zake za mtumba. Bahati hiyo ina mtego. Buti nyingi za mlimani zina tabaka la sponji ngumu ya poliyurethani kati ya mpira wa chini na ngozi. Unyevu wa hewa huila sponji hiyo taratibu, hata kiatu kisipovaliwa. Buti iliyokaa stoo miaka mingi inaweza kuonekana mpya kabisa, ngozi inang'aa, meno ya soli hayajalika, kisha baada ya saa mbili za kutembea soli nzima inabanduka. Kwa hiyo usianze na ngozi. Bonyeza ubavu wa soli kwa ukucha wa dole gumba: sponji nzima hurudi ilivyokuwa, iliyochoka hubaki na shimo au hutoa unga. Kisha kunja kiatu kwa nguvu mara kumi na utafute nyufa ndogo juu ya mpira. Ukiziona, rudisha, hata muuzaji akishusha bei nusu. Gundi haitasaidia, kwa sababu kilichokufa ni sponji yenyewe. Ila kama soli imeachia ukingoni tu na sponji ni nzima, mpelekee fundi viatu aishone kwa uzi wa nailoni, itakufikisha mbali.

Jaribu buti jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, na uvae soksi nene. Kabla ya kufunga kamba, sukuma mguu mbele hadi vidole viguse. Nyuma ya kisigino kiingie kidole kimoja cha mkono. Nafasi hiyo ikikosekana, kucha za vidole gumba zitakuwa nyeusi wakati wa kushuka. Soksi za pamba ziache nyumbani, zinashika jasho, ngozi inalainika na malengelenge yanafuata. Vaa za sufu au nailoni.

Njia ya kwanza iwe Materuni, kupitia migomba na kahawa hadi kwenye maporomoko. Ni fupi, lakini udongo wetu ukilowa unateleza kama sabuni, hasa Machi hadi Mei, kwa hiyo beba fimbo. Magoti yakikubali, panda kutoka lango la Marangu hadi vibanda vya Mandara: kilomita 8 za kwenda, hadi mita 2,720 hivi. Panga saa tatu au nne za kupanda na mbili na nusu za kushuka. Beba maji lita 2 hadi 3 na koti la mvua hata kama asubuhi kumetakata, maana msituni mvua hupenda kuja mchana. Pale ni hifadhini, kuna kiingilio na unatembea na mwongozaji. Kichwa kikikuuma huko juu na maji na mapumziko yasisaidie, shuka.

Ubao una faida kwa mwenye magoti mabovu au anayeishi karibu na Tengeru. Unaofaa kwa anayeanza ni wa kujaza upepo, urefu futi 10 na nusu, upana inchi 32 au zaidi, unene inchi 6. Makosa huanzia nchi kavu. Kipini cha valvu, yaani mdomo wa kujazia upepo, kisipoinuka juu kabla ya kupampu, ukichomoa bomba upepo wote unatoka na kazi inaanza upya. Geji ya pampu ya mkono mara nyingi haisogei mpaka ubao uwe na karibu PSI 7 (kipimo cha shinikizo la hewa). Wengi hudhani imekufa, wakaacha hapo. Ubao wa PSI 7 unabonyea katikati kama kitanda cha kamba na kumwangusha hata anayejua kujisawazisha. Endelea hadi 12 au 15, kama ilivyoandikwa kwenye valvu, na usiuache juani ukiwa umejaa.

Kasia nalo hushikwa kinyume na wengi: bapa linatakiwa kuinama kuelekea mbele, si kukuelekea wewe. Anza kwa kupiga magoti, goti moja kila upande wa mpini wa kubebea ubao, kisha weka nyayo pale magoti yalipokuwa na utazame ng'ambo. Ukitazama miguu, utaanguka. Ingia majini saa moja asubuhi, utoke kabla ya saa nne, upepo haujaamka. Ukianza kwa kwenda dhidi ya upepo, utakusukuma kurudi ukiwa umechoka. Jaketi okozi na kamba ya mguuni si vya hiari: ubao ukikukimbia kwa upepo, huufikii kwa kuogelea.

Kodi ubao mara tatu kabla ya kununua. Na kama umeanguka kwenye maji yaliyotulia yenye magugu na konokono, kapime kichocho baada ya wiki 6 hadi 8, kwa kuwa ukienda mapema zaidi mayai yanaweza yasionekane kwenye mkojo wala choo.