Land Cruiser na pikapu ya Kimarekani: uzoefu wangu Lubumbashi

Mimi hubeba vifaa vya ujenzi hapa Lubumbashi: simenti, mchanga, mabati, na zaidi ya yote matofali ya kuchoma, yale yanayofinyangwa kwa udongo wa vichuguu nje ya mji. Pikapu mbili zimefanya kazi hiyo mikononi mwangu. Ya kwanza ni Land Cruiser 79 yenye injini ya 1HZ: dizeli, lita 4.2, silinda sita, bila turbo wala kompyuta. Ya pili ni ya Kimarekani, V8, yaani silinda nane, ya esansi (petroli), aliyoinunua shemeji yangu Dubai. Chapa yake naiacha, sitaki ugomvi na mtu.

Nianze na sifa za hiyo ya Kimarekani, maana huku watu wanapenda kuibeza. Sasi yake ni nene kweli. Kwenye lami ya Likasi, kilomita kama 120, unafika hujachoka, kiyoyozi kimekupoza, na shehena ya simenti huko nyuma huisikii. Land Cruiser ikiwa tupu inakutikisa mpaka figo, na ukitaka kulipita lori la shaba mlimani, bora usali kwanza. Kwa starehe hakuna mashindano. Kwa mafuta pia hakuna, ila huko mambo yanageuka: V8 ikibeba mzigo ndani ya msongamano wa mji, faida ya siku inaishia kwenye kituo cha esansi.

Nilichokiona kibaya zaidi ni kingine. Tukiacha lami, kiangazi vumbi jekundu linaingia kila mahali, na mvua zikianza Novemba njia zinageuka madimbwi. Siku moja taa ya injini ikawaka, gari likagoma kuongeza mwendo hata nikikanyaga mpaka mwisho. Fundi wangu, kijana wa mtaa wa Katuba anayefungua gia za Hilux huku anapiga soga, akainua boneti, akazitazama zile nyaya, akaishusha taratibu. "Papa, hii inataka mashine ya kuisoma." Mashine tukaiazima, ikasema tatizo ni sensa, kile kifaa kinachoipa kompyuta ya gari vipimo. Sensa yenyewe haifiki ukubwa wa kidole gumba, na haikuwepo katika duka lolote la vipuri tulilolijua. Tukaiagiza Dubai, gari likalala, mteja wa matofali akahamia kwa mwingine. Injini nzima, gia nzima, matairi mazima. Gari la kazi linalolala hivyo, hata liwe na nguvu kiasi gani, mimi siliiti gari la kuaminika.

1HZ nayo ina masharti yake, tusidanganyane. Mkanda wa taimingi unabadilishwa kila kilomita 100,000. Ukiupuuza, injini inakufa. Springi za nyuma hukatika ukizidisha mzigo, na nani hapa hazidishi? Lakini springi ikikatika unapata nyingine siku hiyo hiyo, mpya au ya kuchomolewa, na fundi yeyote mwenye jeki na nyundo anaijua kazi hiyo.

Basi asije mtu akaniambia Mjapani daima ni Mjapani. Hilux za D-4D, dizeli za kisasa za Toyota, zina injekta (vinyunyizio vya mafuta) zinazofanya kazi kwa shinikizo kubwa mno na matundu madogo mno. Zipe mazutu (dizeli) ya kidumu yenye maji uone. Na huko Marekani, mwaka 2016 Toyota ilikubali kumaliza kesi ya sasi za magari yake ya Tacoma, Tundra na Sequoia zilizoliwa na kutu, kwa makubaliano yaliyokadiriwa kufikia dola bilioni 3.4.

Hata kuiita pikapu "ya kigeni" siku hizi kunachekesha. Marekani iliweka ushuru wa 25% kwa pikapu za nje tangu 1964, kwa hiyo Tundra ya Toyota inaundwa Texas, na Tacoma inaundwa Mexico, nchi yenye mkataba wa biashara na Marekani. Sisi kwa upande wetu tunapata Hilux zilizoundwa Durban, na Ford Ranger, jina la Kimarekani kabisa, inatoka Silverton, Pretoria. Ndiyo maana Ranger siiweki kapu moja na ile V8: vipuri vyake vinaweza kupanda barabara ile ile ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia, inayoleta unga na sabuni.

V8 tumeiuza kwa mtu wa sherehe, anaongozea misafara ya arusi mjini, na anaisifu sana. Namwamini. Kwa matofali nimebaki na 79, na nikiongeza ya pili nitatafuta tena dizeli ya pampu ya zamani, hata kama imechoka rangi.

Kama unanunua iliyotumika Ulaya, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi, usikubali kuoneshwa boneti tu. Ingia chini na nyundo ndogo, gonga sasi karibu na springi za nyuma. Ikilia chuma kizima, endeleeni na bei. Kikidondoka kipande, mwachie muuzaji gari lake.