Uzoefu wangu: siku tatu Milton Abbas, na kanga mbili za shangazi

Mwishoni mwa kiangazi kimoja, miaka si mingi iliyopita, tulikodi nusu ya nyumba ya kale ya vibarua katika kijiji cha Milton Abbas, huko Dorset, Uingereza, mimi, mume wangu, watoto na shangazi yangu aliyekuja kututembelea kutoka Tanga. Habari za vitanda na jiko zimo kwenye tangazo, sitazirudia. Ninalotaka kusema ni juu ya kanga.

Asubuhi ya pili shangazi alifua kanga zake mbili kwa mkono, kama alivyozoea, akazianika kwenye dirisha la mbele lililokuwa likipata jua. Haikupita nusu saa mwenye nyumba akagonga mlango. Hakusalimu. Alinyoosha kidole dirishani akasema kwamba nguo hazianikwi upande wa barabara kwa sababu zinaharibu mandhari ya kijiji, kisha akasimama palepale kizingitini hadi shangazi, mama wa umri wa kumzaa yeye, alipozianua huku zikichuruzika maji sakafuni. Shangazi akaniuliza, "Amesemaje, mwanangu?" Nikamjibu kwamba anasema mvua inakuja.

Mandhari! Kijiji chenyewe kilizaliwa na neno hilo. Katika karne ya 18 Joseph Damer, aliyepewa cheo cha Lord Milton, aliuona mji wa soko wa Middleton, uliokuwa karibu mno na jumba lake, kuwa unamharibia mandhari, akaubomoa nyumba kwa nyumba na kuwahamishia watu bondeni, mahali ambapo asingewaona tena. Wakili mmoja aligoma kuhama, na inasimuliwa kwamba alifunguliwa maji ya bwawa hadi nyumbani kwake, naye akaenda mahakamani akashinda. Mipango ya kijiji kipya, kilichokamilika karibu na mwaka 1780, ilihusisha Capability Brown, fundi mashuhuri wa bustani za mabwana, na nyumba zikapangwa mbilimbili kando ya barabara, zote zikiezekwa kwa nyasi, kila moja ikibeba familia mbili zilizopita mlango mmoja. Walioondolewa kwa kuwa wanachukiza macho, leo nyumba zao ndizo zinazopigwa picha, na kanga ya kibarua mwenzao ndiyo inayochukiza.

Nilikuwa nimeamua kutoa nyota moja, tena kwa shingo upande. Hata hivyo, haki yake nyumba niipe. Kuta ni nene, za udongo uliokandwa pamoja na nyasi kavu, na shangazi alipoweka kiganja ukutani mchana wa jua kali alicheka akasema, "Hii ni ya udongo, kama ya bibi yako." Ndani palikuwa na ubaridi mtulivu ambao sijaupata katika hoteli yoyote. Basi nyota nne. Yawezekana pia mwenye nyumba anabanwa na sheria za majengo ya kihistoria. Lakini sheria hizo zinalinda mapaa na kuta, hazifundishi mtu kuacha salamu, kwa hiyo nashuka hadi nyota mbili.

Shangazi alishinda akitazama mbingu iliyokuwa nyeupe pe, na hadi leo akipiga simu hunituma nimsalimie yule bwana aliyezionea huruma kanga zake.