Dungu la ngazi la futi 18: nimelikalia, nimepata kulungu, haya ndo maoni yangu

Hili ni kiti cha kuwindia kilicho juu ya ngazi ndefu inayoegemezwa na kufungwa kwenye mti. Naanza na ubaya ili msije mkasema nimelipwa. Mkanda wa usalama uliokuja kwenye boksi ni kichekesho, vijikamba vimejaa huelewi mguu unapita wapi, sasa fikiria uuvae alfajiri gizani na makoti mawili mwilini. Nikautupa pembeni nikanunua mwingine wa kuvaa kama fulana, pamoja na ile kamba inayofungwa juu ya mti ikashuka mpaka chini, ina kafundo unakasukuma kwa mkono ukipanda ila uzito ukija ghafla kanang'ang'ania. Yaani umefungwa tangu mguu upo ardhini, maana pale unapotoka kwenye ngazi kuingia kitini ndo penyewe hapo watu wanaanguka.

Dungu lenyewe aisee zuri. Karatasi ya maelekezo inataka watu watatu kulisimamisha na haidanganyi, mi nilikuwa na shemeji na mwenye shamba na bado tulitoka jasho. Maungio yanagonga gonga chuma kwa chuma, nikayazungushia tepu ya kitambaa, kimya. Kiti ni cha wavu, maji hayatuami, na mbele kuna chuma cha kuegemeza bunduki, hicho peke yake kimelipa hela yangu.

Huku Pennsylvania, Marekani, msimu wa bunduki wa kulungu unafunguliwa Jumamosi baada ya Thanksgiving (sikukuu yao ya Alhamisi ya nne ya Novemba), ruhusa kupiga inaanza nusu saa kabla jua halijachomoza, so lazima uwe ushapanda giza bado. Bunduki usipande nayo, ivute na kamba ikiwa haina risasi. Na ile nguo ya chungwa kali ni sheria, jumla ya inchi 250 za mraba kichwa, kifua na mgongo, usiogope, kulungu haioni hiyo rangi kama sisi. Pua ndo adui, kwa hiyo tulichagua mti ambao upepo unatoka kwenye njia yao unakuja kwangu.

Majike mawili yakapita chini kabisa wala hayakuinua kichwa, nyuma dume linafuata taratibu linanusa. Sehemu nyingi za jimbo hili mtu mzima haruhusiwi dume lisilo na ncha tatu upande mmoja wa pembe, na kutoka juu kwenye darubini nilizihesabu vizuri tu, nne, bila haraka. Bunduki kwenye chuma, Bismillah (mi mtu wa Tanga, nyama lazima iwe halali), nikalenga nyuma ya bega nikavuta. Lilikimbia kidogo likalala. Raha nyingine ya kupiga toka juu, risasi ikipitiliza inaingia ardhini, haiendi kwa jirani.

Tagi, kile kikaratasi cha leseni ya kuwinda, unaifunga sikioni kabla hujalisogeza, halafu una siku 10 kuripoti kwa mamlaka ya wanyamapori ya jimbo. Nyama tumegawana na mwenye shamba, na pilau ya mguu wa nyuma wifi aliisifia mpaka basi, japo mwanzoni alikuwa amegoma kabisa kuigusa.

Nililipa dola 150 na kidogo, ningenunua tena bila huo mkanda wao. Msimu ukiisha legezeni mikanda ya racheti, ile ya kukaza inayofunga dungu kwenye mti, mti unanenepa na mkanda unaliwa na jua na kindi, mi yangu nabadilisha yote kila mwaka.