Uzoefu wangu: kuhamisha faili lililofungashwa kutoka PC hadi kompyuta kuu

Mwenzangu kazini alinitumia maktaba ya programu ikiwa imefungashwa kwa XMIT, amri ya kompyuta kuu inayoifanya data kuwa faili moja la kutumwa. Nilitakiwa kuipandisha kwenye z/OS (mfumo wa uendeshaji wa kompyuta kuu za IBM) kisha niifungue kwa RECEIVE, amri ya kufungua kilichofungashwa kwa XMIT. Nilidhani ni kazi ya dakika kumi, ikanila siku mbili.

Nilianza na kihamisha faili kilichomo ndani ya programu ya terminali ya 3270 (skrini ya kompyuta kuu ndani ya PC) ninayoitumia kila siku. Kwa faili dogo la maandishi ni chombo kizuri, unabonyeza mara mbili na mambo yamekwisha. Tatizo ni kwamba chaguo zake za kawaida zinachukulia kila faili kuwa maandishi: ASCII (kugeuza herufi kutoka usimbaji wa PC) imewashwa, CRLF (kushughulikia alama za kumaliza mstari) imewashwa. Uhamisho ulimalizika bila kosa lolote, lakini RECEIVE ikaikataa dataseti (ndivyo faili linavyoitwa kwenye z/OS) kwamba muundo wake si sahihi. Nikazima chaguo zote mbili, nikapandisha upya. Ikakataa tena.

Hapo nikaacha kubahatisha, nikaenda kuzitazama baiti zenyewe. Faili la XMIT lina alama yake: baiti mbili za mwanzo zinabeba urefu na aina ya kipande, kisha yanafuata maneno INMR01 kwa EBCDIC (usimbaji wa herufi wa kompyuta kuu), yaani C9 D5 D4 D9 F0 F1. Ukiifungua dataseti kwenye ISPF (skrini za kuhariri za z/OS) na kuandika HEX ON, kila baiti huandikwa kwa kwenda chini, hivyo chini ya herufi hizo utaona CDDDFF, na mstari unaofuata 954901. Nilipotazama nilizikuta ziko sawa kabisa. Kumbe baiti zilifika salama, ila dataseti ilikuwa imetengenezwa kwa umbo la VB (rekodi za urefu unaobadilika). XMIT inataka FB (rekodi za urefu mmoja) yenye LRECL, yaani urefu wa rekodi, 80, basi.

Nikaifuta ile dataseti, maana ikiwa ipo tayari uhamisho huendelea kutumia umbo lake la zamani. Safari hii nilitumia FTP, njia ya kuhamisha faili kwa amri (bin ni baineri, yaani baiti zisigeuzwe):

bin
quote site recfm=fb lrecl=80
put

RECEIVE ikaonyesha jina la dataseti ya asili na kuniuliza niirejeshe wapi. Nilifurahi mno.

Faili la pili, kutoka kwa mtu mwingine, lilikuwa na ugonjwa tofauti. Nililifungua kwenye PC kwa kihariri cha heksa, nikaona INMR01 inasomeka wazi: 49 4E 4D 52 30 31. Hiyo ni ASCII. Maana yake lilikuwa limeharibika tangu liliposhushwa kutoka kompyuta kuu, kabla hata halijanifikia. Usidanganyike ukalipandisha kama maandishi ukitumaini litajirudi. Neno INMR01 litarudi kweli, lakini nafasi za mwisho wa rekodi huenda zimeshakatwa na alama za kumaliza mstari zimeshapachikwa katikati ya data. Nilimwomba aliyelituma alishushe upya kwa baineri, na ndilo lililofanya kazi.

Kwa mafaili yaliyobanwa kwa AMATERSE, programu ya z/OS ya kubana faili (wazee wa kazi bado wanaiita TRSMAIN), utaratibu ni uleule, ila LRECL ni 1024. Siku hizi kabla ya kupandisha ninagawanya ukubwa wa faili kwa 80 au kwa 1024 kulingana na aina yake. Ikibaki salio, silipandishi, narudi kwa mtumaji.

Kihamisha cha terminali bado ninakitumia kwa JCL (maagizo ya kuendesha kazi kwenye kompyuta kuu) na maandishi mengine madogo, na hapo sina lalamiko. Ningependa sana kama watengenezaji wangeweka onyo pale mtu anapopandisha faili lenye baiti zisizo za maandishi huku ASCII imewashwa. Kwa kila kilichofungashwa nimehamia FTP moja kwa moja, kwa sababu naandika mwenyewe umbo ninalolitaka na naliona mbele ya macho yangu kabla ya put.